Mwanao anaposahihisha zoezi la mtu asiyemjua

Mzazi mwenzangu, liko swali linalosikika sana siku hizi katika nyumba za Garissa, na za Wajir na Mandera pia, nalo si la karo wala la mahari. Kijana amemaliza shule, amejifunza kompyuta mahali fulani, na sasa kila jioni yuko mbele ya hiyo kompyuta akirekebisha mazoezi ya watu wa ng'ambo asiowajua kwa sura wala kwa ukoo. Ukimwuliza analipwa shilingi ngapi, anasema halipwi. Ukimwuliza ni nani aliyemtuma, anasema hakuna. Baba anamtazama mama, mama anamtazama baba, na kila mmoja anajiuliza kimoyomoyo: Huyu mtoto wetu amerogwa, amekuwa mvivu, au kuna watu wanaomtumia?

Swali hilo ni la haki, na wale wanaowacheka wazazi kwa kuliuliza hawajui thamani ya kijana nyumbani. Saa tatu mbele ya kompyuta ni saa tatu ambazo duka halina wa kuuza, mbuzi hawana wa kuwapeleka mtoni, na bando la intaneti linazidi kuliwa. Kwa hivyo wiki hii nimeonelea tulizungumze jambo hili kinaganaga, tujue kijana anafanya nini hasa, ni nani anayefaidika, na ni wapi mzazi anapaswa kusema sasa basi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kuandika programu ni kuiandikia kompyuta maagizo kwa lugha inayoielewa. Lugha hizo ni nyingi, na kama lugha yoyote ile, hazijifunzwi kwa kusoma kitabu tu. Mtu hujifunza kwa kufanya mazoezi, kukosea na kusahihishwa. Hapo ndipo unapoingia mradi uitwao Exercism, ambao nitautumia kama mfano wetu. Ulianzishwa mwaka 2013 na mwanamke mmoja mwandishi wa programu, Katrina Owen, na leo una mazoezi katika lugha zaidi ya 70 za kompyuta. Kujifunza humo ni bure. Zaidi ya hayo, maandishi yenyewe ya mazoezi yamewekwa wazi katika mtandao wa GitHub, ili mtu yeyote ayasome, ayanakili, na akiona kasoro apendekeze irekebishwe. Kazi ya namna hii ndiyo wataalamu huiita programu huria.

Tuchukue zoezi moja la mwanzo kabisa, linalohusu mwaka mrefu, ule wenye Februari ya siku 29. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba mwaka mrefu ni ule unaogawanyika kwa nne, tukaridhika. Kumbe kanuni hiyo ina mikia miwili. Mwaka unaogawanyika kwa 100 si mrefu, isipokuwa ukigawanyika pia kwa 400. Ndiyo maana 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa mrefu, na 2100 hautakuwa. Kijana hutakiwa kuandika programu ambayo ukiipa mwaka wowote itakujibu kama ni mrefu ama la. Pamoja na maelezo, zoezi huja na majaribio yaliyokwisha kuandikwa: programu hupewa 1996, na inatakiwa ijibu ndiyo; hupewa 2100, ijibu la. Jibu moja likienda kombo, kompyuta yenyewe husema hapa umekosea. Kijana hurudia hadi majaribio yote yapite. Baada ya hapo aweza kuomba mtu aliyejitolea, pengine yuko Brazil au Ujerumani, aisome kazi yake na kumwonyesha ni wapi angeandika vizuri zaidi.

Aliyelelewa Garissa hatashangazwa na utaratibu huu, maana ameuona duksi. Mtoto huandika sehemu yake kwenye ubao, huisoma mbele ya maalimu, akikosea husahihishwa papo hapo, na akiisha kuihifadhi ubao huoshwa aandike nyingine. Mtoto mkubwa aliyetangulia humsomesha mdogo, wala hadai malipo. Tofauti ni kwamba huku maalimu haonekani.

Na hilo la mwalimu asiyeonekana si jambo dogo kaskazini mashariki. Wasomaji wanakumbuka Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera liliposhambuliwa na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Wanakumbuka Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanakumbuka Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Siwalaumu walioondoka, kila mtu ana mama anayemngoja nyumbani. Lakini walioachwa darasani walikuwa watoto, na hesabu na sayansi ndizo zilizoumia mwanzo. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule zetu. Habari njema, bila shaka. Lakini nani ataufundisha katika shule ambayo mwalimu wa hesabu alikwenda na hakurudi?

Siamini kwamba kompyuta yaweza kuchukua nafasi ya mwalimu, na anayewauzia wazazi maneno hayo ana lake. Ninalosema ni kwamba mahali mwalimu alipoondoka, zoezi linalojisahihisha lenyewe, na mtu wa mbali aliye tayari kuisoma kazi ya mtoto, ni afadhali kubwa kuliko kiti kitupu. Dadaab walikwisha kuuonja mfano wake. Tangu 2013, kwa mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi ulioviunganisha vyuo vya Kenyatta na Moi na vyuo vya York na British Columbia vya Canada, walimu wa kambini wamesomea stashahada na shahada wakiwa huko huko, sehemu ya masomo ikija kwa intaneti.

Mazoezi haya pia yanapatana na hali ya mtandao wa kule. Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019, lakini Wajir na Mandera zilitegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, na minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa na al-Shabaab, vijiji vikakaa bila mawasiliano. Kwa Exercism, kijana huweka programu ndogo kwenye kompyuta yake. Kwa amri moja huteremsha zoezi, ambalo ni mafaili machache ya maandishi matupu, hulifanya bila intaneti yoyote, kisha mtandao ukirudi hulipeleka kwa amri nyingine. Mzazi anayelia na bando aangalie kwanza video zinazotazamwa na watoto wengine humo nyumbani.

Sasa tufike kwenye lile linalowashangaza wazazi, yaani kijana kutoka kwenye kujifunza na kuingia katika kutoa.

Hutokea hivi. Anafanya zoezi, anagundua kwamba maelezo yanasema jambo moja na jaribio linataka jingine. Au anaona kuna hali ambayo hakuna jaribio linaloikagua. Tuseme katika lugha fulani majaribio ya mwaka mrefu yangekosa miaka inayoishia na sifuri mbili. Mwanafunzi aliyeandika "gawanya kwa nne" peke yake angepita na kwenda zake akijiona amejua. Anayeliona pengo kama hilo huwaandikia wasimamizi kwa Kiingereza, hueleza alichokiona, nao hujadiliana. Wakikubaliana, huchukua nakala yake ya maandishi, hurekebisha, kisha hutuma ombi kwamba mabadiliko yake yaingizwe. Wasimamizi huyasoma mstari kwa mstari. Pengine hukubali. Pengine hukataa kwa maelezo. Aghalabu humrudishia: badilisha hapa, ondoa neno hili, eleza kwa nini.

Kwa maoni yangu shule kubwa iko hapo, kuliko hata kwenye mazoezi yenyewe. Kijana anajifunza kuandika hoja fupi inayoeleweka na mtu asiyemjua. Anajifunza kukataliwa bila kununa. Anajifunza kusoma kazi ya mwingine kabla ya kuigusa. Maelezo ya mazoezi mengi huwekwa ghala moja na hutumiwa na lugha zote, hivyo neno moja likibadilishwa huko, hubadilika kwa wanafunzi wa lugha chungu nzima. Ndiyo maana wasimamizi huwa wagumu. Jaribio lililokwisha kuwekwa katika ghala hilo halifutwi na kuandikwa upya. Likionekana lina kasoro, huongezwa jipya la kushika nafasi yake, ili wale waliolitegemea la zamani wasiharibikiwe. Vijana wetu wanaopenda kubomoa kwanza na kuuliza baadaye wana la kujifunza hapo.

Wala michango yote haihitaji ubingwa. Kuna anayesahihisha herufi iliyokosewa. Kuna anayeifanya sentensi ngumu iwe nyepesi. Kuna anayejitolea kuwasomea wanafunzi wapya kazi zao na kuwaelekeza, na huyo hahitaji kubadilisha faili hata moja.

Lakini liko jambo ambalo kijana wa Garissa anaweza kuliona na wale wa ng'ambo wasilione. Mazoezi haya yameandikwa na watu, na watu huandika wanayoyajua. Lipo zoezi la kusafisha namba za simu. Kijana akiipa programu yake namba ya Kenya, ile inayoanza na 07, yenye tarakimu 10 kamili, itaikataa. Kisa? Zoezi linafuata utaratibu wa Amerika Kaskazini, ambako namba ya eneo haianzi na sifuri. Mwanzoni mtoto atadhani ni kosa, na atakimbilia kulalamika. Akisoma maelezo vizuri ataona imesemwa wazi ni namba za huko. Kwa hivyo si kosa la kuripoti. Ni nafasi ya kujiuliza: zoezi la namba zetu lingekuwaje, ambako namba ile ile yaweza kuandikwa kwa 07, kwa 254 au kwa alama ya kujumlisha na 254, na siku hizi zipo pia za 01?

Kwa miaka mingi lilikuwapo zoezi jingine lililomtaka mwanafunzi aandike programu ya kuchapa wimbo wa kuhesabu chupa za bia. Fikiria binti wa Garissa akilifanya sebuleni, babu yake ameketi kando na tasbihi, anamwuliza: Unaandika nini, mjukuu wangu? Baadaye mradi ulileta zoezi jingine la kuhesabu chupa, lisilotaja pombe, na katika lugha nyingi lile la bia likastaafishwa. Kwa kompyuta mazoezi hayo mawili yanafundisha jambo lile lile. Kwa yule binti sebuleni hayafanani hata kidogo.

Lipo pia la kuongeza sekunde bilioni moja kwenye tarehe ya mtu ya kuzaliwa, ambazo ni miaka 31 na miezi minane hivi. Huku ambako vitambulisho vingi vinasema mwenyewe alizaliwa Januari mosi, kwa kuwa karani alihitaji tarehe na familia ilikumbuka tu kwamba ilikuwa baada ya mvua, darasa zima laweza kupata jibu la siku moja. Hilo nimelitaja kwa kupita tu.

Nililotaka hasa kulifikia ni ngamia. Mzee yeyote mfugaji wa Garissa, hata yule asiyejua kuandika jina lake, anajua zaka ya ngamia kwa moyo. Ngamia wanne hawana zaka. Watano wana mbuzi au kondoo mmoja, na ni mmoja huyo huyo hadi tisa. Kumi wana wawili, kumi na watano watatu, ishirini wanne. Wakifika 25 hesabu inageuka: mbuzi wanaachwa, na anatolewa mtamba wa ngamia aliyetimiza mwaka mmoja. Kutoka 36 ni aliyetimiza miwili, kutoka 46 mitatu, kutoka 61 minne. Kutoka 76 wanatolewa wawili wa miaka miwili, na kutoka 91 hadi 120 wawili wa miaka mitatu.

Mzazi, mwandishi yeyote wa programu akiliona hilo atasugua mikono, maana ni zoezi kamili. Lina ngazi, lina mahali pa kugeuka ghafla, na kila mpaka ni mtego. Mwanafunzi ajaribiwe kwa wanne na watano, kwa 24 na 25, kwa 35 na 36. Ajaribiwe pia kwa sufuri, kwa mtu asiye na ngamia, na aulizwe programu yake itafanya nini ikipewa ngamia hasi, kwa kuwa kompyuta haijui kwamba hakuna ngamia hasi. Na baada ya 120 mwandishi wa zoezi itambidi amuulize shekhe, maana hapo madhehebu hayasemi neno moja. Ama akomeshe zoezi kwa 120 na aseme wazi kwamba amekomea hapo.

Tazama kilichotokea. Ili kuandika majaribio hayo, kijana lazima aketi na babu yake. Amwulize, aandike, amsomee, asahihishwe. Yule mzee aliyekuwa akisema kompyuta imemchukua mjukuu wake, sasa ndiye mtaalamu wa mradi. Sisemi kwamba mradi wowote wa ng'ambo utalikubali zoezi hilo. Wana taratibu zao na mazoezi tele. Kijana aweza kuliweka katika ghala lake mwenyewe lililo wazi, na wenzake wa Ijara, Wajir au Mombasa wakalitumia.

Turudi kwenye pesa, maana najua ndilo mzazi analolingojea.

Kweli halipwi. Asitokee mtu akakudanganya kwamba kwa kusahihisha mazoezi mwanao ataanza kutumiwa dola. Mradi wenyewe hauna utajiri. Unaendeshwa kwa michango na kwa watu wanaojitolea. Lakini kazi huria si ngeni kwetu, na sisi ni walaji wake wa siku nyingi. Ripoti za zahanati na hospitali za Kenya, za Garissa zikiwamo, hukusanywa kwa mfumo uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia kote mwaka 2011. OpenMRS, mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa unaotumiwa sasa katika nchi nyingi, ulikulia Eldoret. Ushahidi, iliyoandikwa na Wakenya mapema 2008 ili kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi, ilitolewa wazi na ikatumiwa mbali sana na hapa. 

Na kuna faida nyingine ambayo wazazi wa kaskazini mashariki wataielewa kuliko wa kwingine. Kila badiliko linalokubaliwa hubaki limeandikwa jina la aliyelituma, tarehe, na mazungumzo yote yaliyofanyika. Mwajiri wa Nairobi au wa kwingineko aweza kulifungua na kusoma. Huko hakuna anayeuliza ukoo, wala barua ya chifu, wala babu yako alizaliwa wapi. Kwa miongo mingi vijana wa kaunti hizi walipitia msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo umekomeshwa. Na wapo waliozaliwa Wakenya lakini majina yao yakaingia katika orodha ya wakimbizi, wakahangaika kwa miaka. Kijana aliyekulia katika hali hiyo, aliyezoea kuthibitisha kila siku kwamba yeye ni yeye, ana haki ya kufurahia mahali ambapo kazi yake inasomwa kabla ya jina lake. Ajue tu kwamba siku ya kutafuta malipo, kitambulisho kitaulizwa kama kawaida.

Basi mzazi aruhusu, lakini afungue macho. Sheria za GitHub hazimruhusu aliye chini ya miaka 13 kufungua akaunti. Mtu yeyote akimtaka mwanao alipe "ada ya kujiunga" ili achangie mradi huria, huyo ni tapeli, amfungie mlango. Mtahiniwa wa kidato cha nne na asahihishe mazoezi yake mwenyewe kwanza. Na saa zipangwe: kwangu mimi saa moja kwa siku kwa anayeanza inatosha, kazi za nyumbani zikiwa zimekwisha. Kwa wasichana ningependa hiyo saa moja iwe ya kweli, si ile inayokatizwa mara tano kwa chai ya wageni.

Liko pia suala la adabu. Oktoba 2020, shindano moja la kila mwaka liitwalo Hacktoberfest, lililokuwa likimpa fulana anayetuma mabadiliko manne, liliwafanya maelfu ya watu wamwage uchafu katika miradi ya wenzao: neno moja kuongezwa hapa, nukta pale, mradi hesabu itimie. Wasimamizi, ambao nao hawalipwi, walikesha wakifuta, na waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni siku chache tu baada ya mwezi kuanza. Kijana wako asiwe miongoni mwa hao. Badiliko moja lililofikiriwa wiki nzima lina heshima kuliko hamsini za kutafuta sifa.

Siku hizi uchafu huo huja kwa njia nyingine. Kuna mashine kama ChatGPT zinazoandika msimbo kwa dakika moja, na wapo wanaochukua jibu zima zima na kulituma bila kulisoma. Baadhi ya wazazi huuliza, basi mtoto ajifunze nini ikiwa mashine inaandika? Mimi huwarudisha kwa ngamia. Mashine itaandika programu ya zaka haraka sana, na itaonekana nzuri. Lakini ikisema ngamia 24 wana mbuzi watano, ni nani atakayejua imekosea? Ni yule aliyeandika majaribio, naye aliyajua kutoka kwa babu yake. Mtoto anayetumia mashine kumwelezea kosa lake anajifunza. Anayeitumia kumfanyia zoezi amejiibia mwenyewe, na mshauri wa upande wa pili mara nyingi hutambua.

Mwisho ni la usingizi, maana ndilo linaloleta ugomvi nyumbani kuliko yote. Wasimamizi wengi wako Ulaya na Marekani. Saa kumi na moja jioni ya New York ni saa sita au saa saba usiku Garissa, kulingana na majira yao. Kijana akishatuma pendekezo lake hukaa akiliangalia kama mtu anayengoja basi la Mandera, na wakati mwingine jibu huchukua siku kadhaa, hata wiki. Mwambie azime kompyuta alale. Likija litamkuta asubuhi.